Mkono Upite Kichwa

Ukitaka kumjua Bibi Pasi, usianze na uso wake. Anza na kola. Pale hospitalini, koti la daktari likitoka mezani kwake kola imelala sawasawa, haina mkunjo, na daktari akilivaa, hata kama ameamka na ugomvi wa nyumbani, anaonekana mtu wa maana. Koti la meza nyingine yeye hulijua kwa mbali. Hulitazama likipita koridoni, akasonya, akawauliza wenzake, "Lile limepigwa pasi au limekaliwa?"

Aliianza kazi ile wakati wa pasi za mkaa, akaendelea nayo zilipokuja za umeme. Walipomwambia umri wake wa kustaafu umefika, alistaafu asubuhi, mchana akarudi kama kibarua. Mzee alikuwa, hilo hakulikataa. Alichokikataa ni vile vitu vinavyokuja na uzee, hasa huruma za watu. Ukimkuta na kapu la mashuka ukamwambia, "Lete nikupokee, mama," anakujibu, "Unipokee nini? Mimi nimetoka safari?" Na kapu analo, na mgongo umepinda, na anapita.

Huyu ndiye aliyewapa wenzake sheria za Chama cha Makoti, na sheria zenyewe zikaja kumkaba koo.

Chama kilianza siku moja ya mvua. Mashuka hayakauki, kazi imesimama, wanawake wa chumba cha kufulia wamekaa juu ya makapu pamoja na wa jikoni na wa chumba cha kushonea. Mmoja wao akasema, "Jamani, haya makoti tutayafua mpaka lini, hata moja lisiwe la mtoto wetu?" Maneno yale yaliwachoma. Wakakubaliana kuweka kidogo kidogo kila mwezi, na mtoto wa mwanachama akisomea kazi yoyote ya hospitali, iwe uuguzi, iwe maabara, iwe dawa, akopeshwe, amalize, aajiriwe, arudishe, mwingine achukue.

Kulikuwa na waliotaka kiwe chama cha msaada tu. Bibi Pasi alikataa katakata. "Msaada humwinamisha mtu kichwa," alisema. "Mkopo humwachia kichwa chake. Mimi sitaki mtoto wa mtu apite hapa ameinama kama anatafuta sindano."

Kwa kuwa wengi wao kalamu ilikuwa ngeni mkononi, hawakuiamini karatasi. Waliamini macho. Basi wakaweka desturi ya kusimamia. Mtoto akitaka mkopo, mwanachama mmoja husimama mbele ya wote, huinua mkono wa kulia, na kuushikilia huko juu mpaka mwenyekiti amalize maneno ya ahadi. Maneno yenyewe Bibi Pasi aliyatunga marefu, makusudi, ili mkono uume. Asiyeweza kuvumilia mkono kuuma leo, atavumilia deni la mwingine kesho?

Juu ya desturi hiyo Bibi Pasi akaongeza sheria zake. Mkono upite kichwa. "Mkono unaoishia sikioni ni wa kujikuna," alisema, wakacheka, wakapitisha. Mtu mmoja asimamie mtoto mmoja, mpaka deni liishe. Na ile iliyo kubwa kuliko zote: damu haisimamii damu. Mama asimsimamie mwanawe, bibi asimsimamie mjukuu. "Damu hufichiana," alisema. "Mtoto akikimbia deni, mamaye atatuambia yuko safarini, na sisi tutakaa kumwombea safari njema."

Wakapitisha hiyo nayo. Mkuki kwa nguruwe.

Sasa, binti wa Bibi Pasi alikuwa ameolewa mbali, akamwachia mtoto wa kike amlee. Mtoto huyo uani walimwita Mjumbe, na jina lilikuja hivi. Uani pale palikuwa na safu mbili za vyumba zinazotazamana. Mlango wa Bibi Pasi ulitazamana na mlango wa Mama Viraka, fundi wa chumba cha kushonea, aliyekuwa akitia viraka kwenye mashuka ya wodi kwa namna ambayo mgonjwa angelala juu ya kiraka mwezi mzima asikijue. Mafundi wawili, mlango kwa mlango. Wangekuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Lakini Bibi Pasi alifunga kamba ya nguo kutoka nguzo yake hadi nguzo ya mwenzake, na maji yakawa yanadondokea mlangoni kwa Mama Viraka, hadi siku moja kamba ikakatika na nguo za wateja aliowafulia nyumbani zikalala kwenye tope. Mmoja alisema kamba imekatwa kwa kisu. Mwingine alisema imejikatia yenyewe, imeoza kama roho ya mwenye kamba.

Basi wakaacha kusemezana. Lakini watu wanaotumia bomba moja la maji hawawezi kuishi bila kuambiana jambo, ndipo mtoto akapata kazi.

"Mjumbe, mwambie huyo bibi yako moshi wake unaingia kwangu."

"Mjumbe, mwambie moshi hauna macho, afunge dirisha."

Na wote wawili wamesimama hapo hapo, wanasikiana, mtoto katikati anageuza shingo kama anayetazama mpira. Bibi yake alimwita bibi, na yule wa upande wa pili alimwita Bibi Ng'ambo, na akala kwa wote wawili, maana ugomvi ulikuwa wa watu wazima, haukuingia kwenye sufuria.

Mama Viraka alipoteleza chumba cha kushonea akiwa na furushi la mapazia, akaangukia bega la kulia, Bibi Pasi alisikia siku ile ile. Hakwenda. Alimtuma mtoto apeleke pole. Pole ya kutumwa ni chai iliyopoa: inanyweka, lakini hakuna anayeishukuru. Mfupa ukapona, bega likajifunga. Mkono ukawa hauvuki kifua. Fundi asiyeweza kuinua mkono mashine inamshinda, naye akaacha kazi, akabaki mlangoni pake, mkono umelala mapajani kama mtoto wa kuazima.

Mjumbe alikua huku akiutazama mkono ule. Kila mtu alidhani atasomea uuguzi. Yeye akachagua tiba ya viungo, ile ya kuwarudisha watu kwenye miguu yao na mikono yao kwa mazoezi. Serikali ikamkopesha ada ya chuo, akasoma, akafaulu. Bibi yake alivaa kilemba kipya siku ya matokeo, akatembea njia ndefu kwenda kazini ili aonekane na wengi.

Lakini masomo hayo hayaishii darasani. Kuna mwaka wa mafunzo ya vitendo, mwanafunzi anapelekwa hospitali, anafanya kazi chini ya macho ya waliomtangulia, na bila mwaka huo leseni hapati, na vyeti vyake ni karatasi za kufungia karanga. Mjumbe alikubaliwa hospitali kubwa ya mji mwingine. Furaha ikawa nusu. Mkopo wa serikali ulikuwa umeishia chuoni, posho ya vitendo huko ingechelewa, naye alihitaji nauli, chumba, chakula, viatu vya kusimamia kutwa. Na asipofika mwanzo wa mwezi, nafasi ni ya mwingine. Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu.

"Chama kipo," alisema Bibi Pasi. "Nimekiweka kwa ajili ya nini?"

Siku ya kikao wakakaa chumba cha kushonea, kama kawaida, kazi zikiwa zimeisha. Mwenyekiti alikuwa mpishi mkuu wa hospitali, mwanamke mnene mwenye sauti ya kunyamazisha foleni. Ombi likasomwa, likapigiwa makofi. Mwenyekiti akauliza, "Nani anamsimamia?"

Hakuna mkono uliopanda. Haikuwa roho mbaya. Wote waliokuwa na uwezo tayari walikuwa na watoto wa wenzao mabegani, mmoja mmoja, kama sheria inavyosema. Wakatazamana. Mwenyekiti akajikohoza.

"Bibi Pasi, wewe ndiye mama wa chama hiki. Simama umsimamie mwenyewe. Leo tufumbe jicho moja."

"Jicho lipi?" Bibi Pasi akauliza.

"Lolote, mama. Tunakusaidia."

Alipolisikia neno hilo alisimama, lakini mkono hakuuinua. "Mwaka juzi muuza uji wetu alimlilia mwanawe hapa, nikamwambia damu haisimamii damu. Akaenda kuhangaika mpaka akapata mtu. Leo ni zamu yangu, sheria imepata usingizi? Sitaki."

"Basi nani?" Mwenyekiti akapandisha sauti. "Aliyebaki bila mzigo ni mmoja tu."

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Mama Viraka alikaa karibu na mlango, mkono wake mapajani. Kwenye vikao alikuwa haachi kuja, wala haachi kutoa mchango wake, ila hakuna aliyewahi kumwomba asimamie, kwa sababu ya bega, na kwa sababu ya ulimi.

"Mnanitazama nini?" akasema. "Mimi kuna mtu kaniomba?"

Hapo hata cherehani zilinyamaza, na zilikuwa hazifanyi kazi.

Mwenyekiti akaahirisha. Kikao kingine kilikuwa kabla tu ya siku ya Mjumbe kuripoti. Baada ya hapo, hakuna kikao kingine cha kumfaa.

Nyumbani Mjumbe alivua viatu, akakaa kitandani. "Bibi, niache. Kuna duka la dawa linatafuta muuzaji. Nitafanya kazi, nitajiwekea, mwakani nitaomba tena."

"Mwakani ni nani kakuahidi?"

"Basi niende mimi kwa Bibi Ng'ambo. Mimi ananipenda."

"Wewe ujumbe umeisha leo," Bibi Pasi akasema. "Kama ni kuomba, aliyefunga mdomo ndiye ataufungua."

Asubuhi alijifunga kilemba kile kile cha siku ya matokeo. Ua ule hauna upana wa maana, kuku huuvuka bila kukunjua bawa. Yeye aliuvuka kama mtu anayevuka mto, akitazama pa kuweka mguu. Akasimama mlangoni kwa Mama Viraka, akapiga hodi kwa sauti ambayo haijawahi kupiga hodi pale tangu nguo zianguke.

"Nani?" Mama Viraka akauliza, na alikuwa anamwona.

"Jirani."

"Jirani yupi? Ninao wengi."

"Yule mwenye kamba iliyooza."

Mama Viraka akasukuma kiti kwa mguu. "Ingia. Kiti hicho kina mguu mbovu, lakini wewe mwepesi."

Bibi Pasi hakukaa. Alitaka kulitema neno kabla halijamrudi tumboni. "Nimekuja kukuomba umsimamie mtoto. Sijiombei mimi. Na kama ungekuwa umekuja kwangu, ningekuzungusha kuliko utakavyonizungusha, kwa hiyo nizungushe, nimejiandaa."

Mama Viraka akacheka kwa pua. "Miaka yote hii nilikuwa najiuliza utaombaje. Kumbe unaomba kama unayegomba." Akaunyanyua mkono wa kulia. Ulifika kifuani, ukasita. "Hapa ndipo mwisho wake. Na sheria yako inataka upite kichwa. Sasa nikusimamie na nini, na mguu?"

Bibi Pasi akalitazama bega. Lilikuwa limemtoka akilini, maana alipokuwa akiuvuka ua alikuwa akifikiria kiburi chake tu.

"Mlete huyo mtaalamu wako," Mama Viraka akasema. "Si amesomea viungo? Aupandishe. Akiupandisha, nitasimama. Mimi simdhamini mtu ambaye sijaijua kazi ya mikono yake. Na usinitumie mtu. Uje naye."

Ndivyo mafunzo ya vitendo ya Mjumbe yalivyoanza kabla ya mafunzo yenyewe, na hospitali yake ikawa chumba kimoja chenye cherehani iliyofunikwa shuka. Kila asubuhi kabla ya kazi Bibi Pasi alilowesha taulo, akalikamua, akalipitishia pasi mpaka likatoa mvuke, akalikunja na kuvuka nalo ua mbio mbio kabla halijapoa. Bega lilitaka joto kwanza. Taulo lilipowekwa, Mama Viraka alikuwa na la kusema.

"Hili limepigwa pasi au limekaliwa?"

Bibi Pasi alirudi kulichoma zaidi, maana alikuwa amepigwa kwa fimbo yake mwenyewe.

Kisha kazi ikaanza. Mjumbe alimlaza, akaushika mkono kwenye kiwiko na kifundo, akauzungusha taratibu kama anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Akampa mpini wa fagio aushike kwa mikono yote miwili, mkono mzima uusukume mgonjwa. Akamsimamisha mbele ya ukuta, vidole vikipanda juu kidogo kidogo kama mjusi, na pale vilipokwama akachora alama kwa chaki ya fundi.

"Miaka yote hiyo chuoni kusomea kukanda?" Mama Viraka alilalamika. "Kukanda hata bibi yako anaweza."

"Bibi yangu anakanda kwa pasi," Mjumbe akasema. "Pandisha, Bibi Ng'ambo. Bado pumzi moja."

"Unanitesa, mtoto wewe. Nilikulisha kwa mkono huu huu!"

"Ndiyo maana nautaka urudi."

Alama zikapanda. Kutoka kifuani zikafika kidevuni. Mama Viraka akaanza kujifunga kilemba mwenyewe kwa kuinamia mkono, akaanza kufungua dirisha la juu kwa kijiti. Siku moja Bibi Pasi alimkuta amekaa kwenye cherehani, hashoni, ameweka mikono yote miwili juu yake tu. Akajifanya hakuona.

Lakini siku nazo zilikuwa zinapanda, na kwa kasi kuliko chaki. Alama ilipofika usawa wa shavu ikakaa hapo. Asubuhi hadi asubuhi, shavuni. Kikao kikawa kimebisha hodi.

"Usukume," Bibi Pasi akasema. "Mara moja tu. Kilichofunga kitaachia."

"Hapana, bibi."

"Sukuma, mtoto," Mama Viraka naye akasema kutoka kitandani. "Mimi sio yai. Nimezaa, nimeanguka, nimesimama. Sukuma nitauma shuka."

Ikawa mara ya kwanza kwa wazee hao kukubaliana jambo, na walikubaliana vibaya. Mjumbe akauweka mkono chini polepole, akarudi nyuma hatua.

"Nikisukuma leo unaweza kupita kichwa, na kesho ukachanika ndani, usipande tena mpaka unakufa. Bega hili lina mwendo wake. Linafika, lakini halifiki kwa kikao."

"Na nafasi yako?" Bibi Pasi akafoka. "Unaijua foleni iliyo nyuma yako?"

"Naijua, bibi. Nitaikosa. Lakini sitavunja bega la mtu ili nipate kwenda kujifunza kutibu mabega."

Alisema hivyo machozi yakimlenga, lakini sauti haikuyumba. Wazee wakatazamana. Bibi Pasi alitaka kugomba, akakuta hana cha kugombea, kwa sababu ubishi ule aliutambua. Aliulea mwenyewe. Mama Viraka akajifunika shuka mpaka kidevuni, akasema kwa sauti ndogo, "Mwaka mzima nilikuwa nawasikia madaktari wakilisema bega langu. Huyu ndiye wa kwanza kulionea uchungu." Kisha akawafukuza wote wawili, alitaka kulala.

Siku ya kikao chumba kilijaa. Hata waliokuwa zamu walikuja na aproni zao. Mwenyekiti akauliza, "Nani anamsimamia?" na kabla hajafunga mdomo, Mama Viraka alikuwa amesimama. Akatembea mpaka mbele. Gauni lake lilikuwa na kiraka begani, na ulihitaji kumjua ili ukione.

Akainua mkono. Ukapita kifua, watu wakaguna. Ukapita kidevu. Mdomo wake ukajibana, jasho likamtoka kipajini, ukapita shavu, ukafika sikioni. Ukasimama hapo, unatetemeka.

Mwenyekiti akafungua mdomo kuanza maneno ya ahadi. Kutoka safu ya katikati mtu akasema, nusu utani, "Jamani, huo si wa kujikuna?" Wachache wakacheka, wakajutia kucheka. Kisha wote wakamtazama mwenye sheria.

Bibi Pasi alijua. Neno moja lake, "imetosha", na chama kizima kingeshukuru. Mwenyekiti alikuwa anamwomba kwa macho. Mjumbe alisimama ukutani, mikono nyuma. Na Bibi Pasi akamwona muuza uji amekaa pale pale alipolilia siku ile. Akasimama.

"Haujapita," akasema. "Nimeuona ulikotoka, na sijawahi kuona mkono umesafiri hivyo. Lakini haujapita."

Watu wakazizima. Mmoja akasema waziwazi, "Mwanamke huyu ana moyo wa jiwe." Mjumbe akatazama chini.

"Na wewe kaa," Mama Viraka akasema, mkono bado uko sikioni. "Nani kakwambia nimemaliza?"

Akavuta pumzi. Kisha yule mwanamke ambaye uani kwake hakuna aliyewahi kumwona ameinama mbele ya mtu, si mbele ya mwenye nyumba, si mbele ya daktari mkuu, akashusha kichwa chake. Akakishusha taratibu, kidevu kikagusa kifua, mpaka mkono, pale pale ulipokuwa, ukawa juu ya kilemba.

"Sheria inasema mkono upite kichwa," akasema akitazama sakafu. "Haikusema kichwa kikae wapi. Au ulisema, Bibi Pasi?"

Chumba kikalipuka. Wa jikoni walijipiga mapaja. Bibi Pasi alizipitia sheria zake kichwani, moja moja, kama anayetafuta doa kwenye koti. Hakulipata.

"Sikusema," akakubali.

"Basi nimepita. Na mjue siinami kwa ajili ya huyu mwenye sheria. Nainama kwa ajili ya bega, anayelitibu kaniambia nisilivunje. Huyu mtoto alikubali kukosa kila kitu asiharibu mkono wangu. Atakimbia deni lenu aende wapi? Soma!"

Mwenyekiti akaanza. "Akianguka nitamwinua, akipotea nitamtafuta, akikwama nitasukuma naye..." Maneno yalikuwa marefu, makusudi, na mkono ulitetemeka, na sheria hairuhusu kuushika. Bibi Pasi alitoka alipokuwa amesimama, akaenda mbele, akasimama ubavuni kwa Mama Viraka, karibu kiasi cha kumsikia anavyopumua, akamgeukia mwenyekiti:

"Wewe! Soma upesi! Huoni mtu anaumia?"

"Maneno marefu uliyatunga wewe!" mwenyekiti akajibu.

"Nilikuwa mjinga! Soma!"

Chini ya mkono ule, kichwa kilichoinama kilikuwa kinacheka.

Mjumbe alisafiri kabla ya mwanzo wa mwezi. Koti lake jeupe lilitiwa mfuko wa ndani na Mama Viraka, kwa mkono, kushona kwa kwanza tangu aanguke, na kola ikapigwa pasi na bibi yake, na wawili hao wakagombania jinsi ya kulikunja mpaka mtoto akalivaa tu ili yaishe. Aliacha maagizo: taulo la moto kila asubuhi, mpini wa fagio, ukuta, pasipo kusukuma. Na alama ya juu kabisa aliichora ukutani kabla ya kuondoka, mahali vidole vilikuwa bado havijafika.

Kesho yake asubuhi Bibi Pasi alilipiga taulo pasi, akalikunja, akafika mlangoni, akageuka nyuma kumwita mtoto ampe maneno ya kupeleka. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Akasimama kidogo na taulo linatoa mvuke mikononi. Upande wa pili mlango ulikuwa wazi, na mwenzake amekaa anangoja, amekwisha kufunua bega.

"Mwambie..." Mama Viraka akaanza, akaangaza huku na huku, hakuna mtoto. Akajikohoza. "Linapoa hilo," akasema.

"Nakuja," Bibi Pasi akamjibu, akauvuka ua.